Ramani za kubashiri zinasema wajenzi hukwepa miteremko: mbona milima ya Mwanza imejaa nyumba?

#1 Fundi Ramani

Habari zenu wakuu. Naleta mada hii kwa kuwa wengi humu mnaishi ndani ya jambo ambalo sisi wachora ramani tunalitazama kutoka angani.

Programu za kubashiri upanuzi wa miji hufanya kazi kwa kuigawa ardhi katika vyumba vidogo vya mraba, kisha kwa kila chumba hukadiria uwezekano wa kujengwa katika miaka ijayo. Mojawapo ya zinazojulikana sana ni SLEUTH, iliyobuniwa Marekani na Keith Clarke na wenzake katika miaka ya 1990 na kujaribiwa kwanza katika eneo la ghuba ya San Francisco. Programu hiyo hulishwa ramani za mteremko, matumizi ya ardhi, maeneo yasiyoruhusiwa kujengwa, eneo lililokwisha kujengwa, barabara, na vivuli vya milima. Kuhusu mteremko, kanuni yake ni kwamba kadiri ardhi inavyosimama ndivyo uwezekano wa kujengwa unavyopungua, na ukipita kikomo fulani hakuna kujenga kabisa.

Sasa tazameni Mwanza. Igogo, Mabatini na Bugarika zimepanda mlimani hadi kwenye majabali ambayo hata pikipiki haiyafikii, huku kwa miaka mingi mabonde na tambarare za pembezoni zikibaki mashamba. Kwa kanuni ya SLEUTH, nyumba hizo zisingekuwapo. Swali langu ni hili: ni kitu gani hasa kinachoamua mahali nyumba inayofuata itajengwa katika jiji hili, na je, kitu hicho kinaonekana kwenye picha ya setilaiti?

#2 Mzawa wa Igogo

Asante kwa mada. Jibu langu ni fupi kuliko maelezo yake: nauli.

Wazazi wetu waliopanda mlima wa Igogo walikuwa wachuuzi, wabeba mizigo, mafundi na vibarua wa viwandani, watu ambao kazi yao ilianza alfajiri na kulipwa kwa siku. Mtu wa namna hiyo akikaa mbali hulipa kwenda na kurudi kila siku, tena siku ambayo kazi haikupatikana nauli huwa imekwisha kutoka mfukoni. Mlimani alishuka kwa miguu. Tambarare iliyokuwa karibu na mji ilikuwa imepangwa, imepimwa na kugawiwa watu wengine, au imeshikwa na reli, bandari na viwanda. Mlima uliachwa nje ya mipango kwa kuwa wapangaji waliuona haujengeki, na kwa sababu hiyohiyo ukawa ndiyo ardhi pekee ya karibu ambayo maskini angeweza kuipata.

Tena mlimani mawe yako palepale. Msingi wa nyumba ambao kwingine ungenunuliwa mawe kwa lori, sisi tulipasua jabali la uani, na kokoto zilizobaki tukauza.

#3 Mama Kiseke

Salaam. Ninakubaliana na #2 kuhusu zamani, lakini hiyo ni historia. Milima imejaa na katikati ya jiji kumejaa. Nyamagana, halmashauri yenye katikati ya jiji, haikui tena. Anayejenga leo anakuja huku Ilemela, halmashauri ya pili ya jiji, yaani Kiseke, Nyasaka, Buswelu, kwenye viwanja vilivyopimwa. Ofisi za manispaa nazo ziko Buswelu. Watu hufuata ofisi, kwa sababu ofisi huja na barabara, maji na umeme. Programu ikiambiwa jambo hilo haitakosea.

#4 Kisesa Kwetu

Mimi nasema barabara, na sioni kwa nini tunatafuta mbali. Ukiitazama Mwanza kutoka juu utaona inafanana na mkono uliokunjuliwa vidole: kidole kimoja kinafuata barabara ya Musoma kupitia Igoma hadi Kisesa, kingine kinafuata barabara ya Shinyanga kupitia Mkolani na Buhongwa hadi Usagara, kingine kinakwenda uwanja wa ndege na kuendelea hadi Igombe. Kati ya vidole kuna milima na mashamba. Ilipowekwa lami barabara ya mchepuo inayounganisha Usagara na Kisesa bila kupitia mjini, bei ya ardhi kandokando yake ilianza kuzungumzwa kwa lugha nyingine. Aliyekuwa akiuza shamba kwa ekari akaanza kuuza kwa hatua.

Hata SLEUTH anayoilalamikia mleta mada ina kipimo cha mvuto wa barabara. Kipe uzito kipimo hicho, kipunguzie uzito mteremko, na ramani itakaa sawa.

#5 Dagaa wa Mwaloni

Kisesa Kwetu, tulijua utatufikisha Kisesa tu! Ila nakukumbusha kwamba Kisesa ni Wilaya ya Magu na Usagara ni Misungwi. Sasa tunazungumzia jiji lipi?

#6 Takwimu Tu

Swali la #5 ni zito kuliko linavyoonekana, nami nitalifikia, lakini kwanza nimsahihishe Mama Kiseke kwa heshima. Sensa ya 2012 iliikuta Nyamagana na watu 363,452 na Ilemela na watu 343,001. Sensa ya 2022 ikaikuta Nyamagana na watu 594,834 na Ilemela na watu 509,687. Nyamagana imekua kwa takriban asilimia 5 kwa mwaka, Ilemela kwa takriban asilimia 4. Inayodaiwa kuwa haikui ndiyo iliyokua kwa kasi zaidi. Maelezo ninayoyaona ni kwamba Nyamagana si katikati ya mji peke yake. Ndani yake zimo Buhongwa, Kishiri, Igoma, Mahina na Lwanhima, ambako mashamba yamekuwa yakigeuka mitaa.

Kwa pamoja halmashauri hizo mbili zilitoka watu 706,453 hadi 1,104,521. Hiyo ni kasi ya takriban asilimia 4.5 kwa mwaka, na kasi hiyo ikiendelea idadi ya watu huongezeka maradufu kila baada ya miaka 15 hadi 16. Eneo la ardhi, hata hivyo, halifuati watu kwa uwiano uleule. Uchunguzi wa mtafiti wa miji Shlomo Angel na wenzake katika miji mingi ya dunia umeonyesha kwamba kwa kawaida eneo lililojengwa hutanuka haraka kuliko idadi ya watu, kwa sababu msongamano hupungua kadiri mji unavyokua. Tuchukue kwa mfano tu kwamba msongamano wa Mwanza unapungua kwa asilimia 2 kila mwaka: katika muda ambao watu wanaongezeka maradufu, eneo lililojengwa lingekuwa karibu mara 2.7 ya lilivyo sasa. Ndiyo maana Umoja wa Mataifa, katika lengo la 11 la Maendeleo Endelevu, umeweka kipimo kinacholinganisha kasi ya kula ardhi na kasi ya kuongezeka watu.

Na hapa ndipo swali la #5 linapouma. Hesabu niliyoitoa inaishia kwenye mpaka wa Ilemela na Nyamagana. Mtu anayelala Kisesa au Usagara na kufanya kazi mjini anahesabiwa Magu au Misungwi. Ukigawanya watu wa jiji kwa ardhi inayoonekana kujengwa mpaka Usagara, utapata kipimo kisicho na maana, kwa kuwa juu umeweka watu wa eneo moja na chini umeweka nyumba za eneo jingine.

#7 Mpimaji wa Zamani

Mwangaluka. Nimesoma kuanzia #1 hadi #6. Kila mmoja ameshika upande wake wa jambo, lakini hakuna aliyeutaja ule ambao mimi nimeuona kazini kwa sehemu kubwa ya maisha yangu.

Nyumba ni kitu cha mwisho kutokea. Mji hutanuka kwanza kwenye karatasi. Mzee ana shamba la ekari sita Kishiri au Nyamhongolo. Anasikia kwamba upimaji unakuja, au anaugua na kuhitaji fedha, au anafariki na watoto saba wanagawana. Anaitwa dalali. Shamba linatembewa, linakatwa vipande vya hatua 20 kwa 20, au 20 kwa 15, na katikati inaachwa njia ambayo kila mnunuzi anaamini jirani yake ndiye atakayeipanua. Mauziano yanaandikwa mbele ya mashahidi na kugongwa muhuri katika ofisi ya mtaa, ingawa mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kisheria ya kugawa ardhi, na mnunuzi anaondoka na karatasi anayoiheshimu kama hati. Baada ya hapo shamba linaweza kukaa miaka mitano likilimwa mahindi kama kwamba hakuna kilichotokea.

Setilaiti inaona mahindi. Programu inasema hapa ni shamba, na uwezekano wa kujengwa ni mdogo. Lakini uamuzi umekwisha kufanyika: umbo la mtaa, upana wa njia, mahali pasipokuwa na shule wala mtaro, vyote vimekwisha kuamuliwa na dalali mwenye kamba. Bati la kwanza linapong'aa na kuonekana angani, kilichobaki cha kubashiri ni kidogo sana.

Sheria tunazo. Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za mwaka 1999, zinatenganisha ardhi ya kijiji na ardhi nyingine, na Sheria ya Mipangomiji ya 2007 inaeleza jinsi eneo linavyotangazwa kuwa eneo la mpango. Tatizo ni kwamba tangazo lenyewe huamsha ukataji. Mwenye shamba anayeogopa kuchukuliwa kwa fidia ndogo huuza mapema. Kwa hiyo kwa Kisesa Kwetu nasema barabara inavuta, sikatai, lakini inavuta kwanza madalali, na hofu ya kupimwa inavuta vilevile, hata mahali ambapo hakuna barabara.

#8 Mwanachuo wa Malimbe

Shikamoo Mpimaji. Nimejifunza mengi kwenye #7. Naomba nijibu sehemu ya pili ya swali la mleta mada, kuhusu kinachoonekana.

Picha za Landsat, setilaiti za Marekani, zinatolewa bure tangu 2008 na kumbukumbu zake zinarudi nyuma hadi 1972, kwa hiyo ndizo zinazotumika kuonyesha mabadiliko ya miaka mingi. Tangu miaka ya 1980 picha hizo zimekuwa na vyumba vya mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900. Nyumba ya kawaida ya pembezoni ina mita za mraba kama 100, sehemu moja tu kati ya tisa za chumba hicho. Chumba kinachobaki ni migomba, mahindi na udongo, na kompyuta inakiita shamba. Kwa hiyo mtaa mchanga hauonekani hata baada ya watu kuhamia, mpaka nyumba zisongamane. Picha za Sentinel-2 ya Ulaya, ambayo setilaiti yake ya kwanza ilirushwa 2015, zina vyumba vya mita 10, hivyo nyumba moja inakaribia kujaza chumba kimoja. Lakini historia yake ni fupi.

Tatizo la pili ni la Mwanza hasa. Kuna kipimo kinacholinganisha aina mbili za mwanga wa infraredi ili kutenga majengo na mimea, kilichochapishwa 2003 baada ya kutumiwa Nanjing, China. Majengo hurudisha zaidi infraredi ya mawimbi mafupi, mimea hurudisha zaidi infraredi ya karibu. Sasa jabali tupu la matale nalo halina mimea, na shamba la Msukuma lililovunwa pamba na kukauka mwezi wa nane halina mimea. Vyote viwili vinaweza kusomeka kama mji. Ukikimbilia picha za masika ili kukwepa udongo mkavu, unakuta mawingu. Mtu asiyeifahamu Mwanza anaweza kuhesabu mawe yetu kuwa nyumba, kisha kwenye picha ya baadaye, ambapo nyumba za kweli zimejengwa kati ya mawe hayo, akaona hakuna kilichobadilika. Ninashuku sehemu ya fumbo la #1 iko hapa: mlima ulishaandikwa kuwa mji kabla haujawa mji.

#9 Fundi Ramani

Hoja ya #8 nimeiona kwa macho yangu nilipolinganisha seti mbili za data. Seti ya majengo ya Google inayoitwa Open Buildings, iliyotolewa 2021 kutokana na kazi iliyofanyika kwa sehemu kubwa katika kituo chao cha Accra, inachora kila paa kwa picha zenye vyumba vya sentimita 50 na kutoa alama ya uhakika kwa kila jengo, kwa hiyo unaweza kuchuja yale yenye shaka. Pale mlimani inasaidia sana. Hata hivyo nayo inachora paa. Shamba la Mpimaji lililokatwa hatua 20 kwa 20 bado halimo.

#10 Udongo Mweusi

Ndugu zangu, hamjaangalia chini ya miguu yenu. Wazee wa Kisukuma walijua udongo kwa kufuata mteremko: juu kwenye mawe, kisha luseni yenye kichanga, na chini kabisa mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Mbuga ni nzuri kwa mpunga, lakini ni adui wa nyumba. Ikilowa inavimba, ikikauka inapasuka nyufa za kuingiza mkono, na ukuta unapasuka pamoja nayo. Choo cha shimo kikichimbwa humo hujaa maji masika yote.

Kwa maoni yangu, fumbo la #1 limegeuzwa kichwa chini. Programu inadhani tambarare ni rahisi na mteremko ni mgumu, kwa kuwa ilizaliwa mahali ambapo gharama ya kujenga hupanda kadiri ardhi inavyosimama. Hapa tambarare nyingi za chini ni mbuga, na kujenga kwenye mbuga kunahitaji msingi mzito, nondo na kifusi cha malori mengi, wakati kwenye luseni mwenye fedha kidogo anaweza kuanza na msingi mwepesi. Watu hawakupanda kwa sababu ya nauli peke yake. Walikimbia udongo pia. Tazameni mitaa mipya ya Buhongwa na Kishiri: palipoachwa wazi mara nyingi ni bondeni, si mgongoni.

#11 Mzawa wa Igogo

Udongo Mweusi, hoja yako inafaa kwa mashamba ya pembezoni, lakini haifiki mjini. Sehemu ya chini ya Mabatini iko kandokando ya Mto Mirongo, inafurika mvua kubwa zikinyesha, na bado imejaa pomoni. Kama udongo na maji vingekuwa vinawafukuza watu, bonde la Mirongo lingekuwa tupu. Linaishi watu kwa sababu liko karibu na soko. Narudi palepale kwenye nauli.

#12 Udongo Mweusi

Karibu na soko mtu huvumilia chochote, hilo nakupa. Mbali na soko huchagua. Mada ni ya kubashiri, na Mwanza ya kesho inajengwa mbali na soko.

#13 Bint Igoma

Naomba nichangie kwa yaliyonikuta. Baadhi ya waliofariki katika ajali ya meli ya MV Bukoba mwezi Mei 1996 walizikwa Igoma. Wazee wa mtaani kwetu wanasema wakati ule palionekana kuwa nje ya mji, mahali pa utulivu pa kuwalaza watu wengi. Leo Igoma ni mji wenye stendi, soko na foleni, na mji umelipita eneo hilo la makaburi na kuendelea kuelekea Kisesa.

Mume wangu na mimi tulinunua kiwanja Kishiri kwa utaratibu uleule anaoueleza Mpimaji wa Zamani. Tulioneshwa mahali ambapo shule ingejengwa na mahali ambapo barabara ya mita 10 ingepita. Tulipomaliza kujenga, eneo la shule lilikuwa limeuzwa kwa watu wanne, na barabara ilikuwa njia ambayo boza la maji haliwezi kupita. Tulihamia bila umeme. Sikuhamia kwa sababu ya barabara, wala ofisi, wala udongo. Nilihamia kwa sababu mwenye nyumba tuliyopanga alidai kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, na fedha hiyo ilitosha kuezeka. Naamini majirani zangu wengi wana sababu kama yangu. Kama kuna programu ya kubashiri upanuzi wa mji inayoingiza kodi ya chumba, naomba mtuambie.

#14 Fundi Ramani

Bint Igoma, pole sana na asante. Zipo programu za aina nyingine ambazo badala ya kuuliza vyumba vya ardhi zinaunda watu wa kubuni, mpangaji, mwenye shamba, dalali, kila mmoja na kipato chake na kanuni zake za uamuzi, kisha zinawaacha waamue. Humo kodi inaweza kuingia. Shida ni kupata takwimu za kodi na mauziano, ambazo kwetu ziko kwenye madaftari na vinywani mwa watu.

#15 Takwimu Tu

Kabla hatujaongeza programu, naomba tuulize zilizopo zinapimwaje. Andiko linasema ubashiri ni sahihi kwa asilimia 90 na kitu, na msomaji anaridhika. Tuchukue eneo lenye vyumba 100, ambapo katika miaka kumi vyumba 5 tu vimebadilika kutoka shamba kuwa mji. Mtu akiwasilisha ramani inayosema hakuna kitakachobadilika kabisa, atakuwa sahihi kwa asilimia 95 bila kubashiri chochote. Watafiti Robert Gilmore Pontius na Marco Millones waliandika mwaka 2011 makala kali ya kukikataa kipimo cha kapa, cha kupima jinsi ramani mbili zinavyolingana kupita bahati tu, ambacho watu wamekizoea mno katika kazi hizi, wakitaka tutenganishe kosa la kiasi na kosa la mahali. Kwa upanuzi wa mji kipimo cha haki zaidi ni kuchukua vyumba ambavyo ubashiri ulisema vitabadilika na kweli vikabadilika, kisha kugawanya kwa jumla ya hivyo pamoja na vilivyobadilika bila kubashiriwa na vilivyobashiriwa bila kubadilika. Ukitumia kipimo hicho, asilimia 90 inaweza kushuka mpaka mwandishi asitamani kuichapisha.

Kuhusu mjadala wa nauli, udongo na barabara: zote tatu zinaweza kulingana vizuri na ramani ya zamani. Kulingana na ya zamani hakuthibitishi sababu. Kuna uwezekano mteremko ulivuta watu hadi miaka fulani, milima ilipojaa ukaanza kuwafukuza, na programu inayojifunza tarakimu moja kwa kipindi chote itapata wastani usio wa wakati wowote.

#16 Barabara ya Kigongo

Hata hiyo tarakimu moja itavunjika. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa rasmi Juni 2025, na safari ya Sengerema na Geita haisubiri tena kivuko. Reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Fela mwaka 2021, inapita hukohuko Misungwi. Programu iliyofundishwa kwa picha za 1990 hadi 2020 inajua Usagara kama mwisho wa mji. Sisi wa upande huu tunaona Usagara ikiwa njiapanda ya kati. Ubashiri unaotoka kwenye mazoea ya zamani hauwezi kulijua daraja ambalo halikuwapo, isipokuwa mchoraji alichore mwenyewe kwenye ramani ya barabara kabla ya kubonyeza kitufe.

#17 Kisesa Kwetu

Asante, Barabara ya Kigongo, kwa kuniunga mkono kwamba ni barabara.

#18 Kayenze Pwani

Ziwa Victoria nalo limesahaulika. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wachora ramani hupaka ukanda huo rangi ya eneo lisilojengeka na kuendelea. Lakini ukingo wenyewe unahama. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kufikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, na mialo ikaingiliwa na maji. Mita 60 zihesabiwe kutoka maji ya mwaka gani? Na mwaloni ukiwa na samaki, vibanda hufuata hata pakiwa pamekatazwa. Kupaka rangi ya katazo mahali ambapo watu wanaishi tayari ni kuwafuta kwenye ramani.

#19 Mpimaji wa Zamani

Nimefurahishwa na #18, kwa sababu inatufikisha kwenye matumizi ya ramani hizi. Jiji lina mpango kabambe wa 2015 hadi 2035, uliotayarishwa na wataalamu wetu pamoja na kampuni ya Surbana ya Singapore. Mpango wa namna hiyo husema kila kipande kitakuwa nini. Ninachotamani ni kidogo zaidi ya hapo: kujua mashamba yapi yatakatwa katika miaka mitano ijayo, ili tufike na mambo matatu tu kabla ya dalali, yaani njia kuu, mtaro na eneo la shule. Angel aliyetajwa kwenye #6 alipendekeza hilohilo, kwamba mji utenge mapema njia kuu pana zinazopishana kila kilomita moja na kuacha mengine yajipange. Ethiopia walianza kulifanya katika miji kadhaa, ikiwamo Bahir Dar na Hawassa, ambayo nayo iko kando ya maziwa.

Urasimishaji tunaoufanya, yaani kupima na kutoa hati kwa nyumba zilizokwisha kujengwa bila mpango, ni kazi njema, umewapa watu hati na usalama. Lakini unakuja baada ya nyumba, unapanua njia kwa kuwaomba watu wabomoe uzio, na unamfundisha anayekata shamba leo kwamba kesho atatambuliwa. Wenzangu ofisini walikuwa hawapendi nikisema hivyo, lakini bado nasema.

#20 Mama Kiseke

Mpimaji, kwenye urasimishaji hatutakubaliana. Mwenye nyumba aliyepata hati baada ya miaka 20 ya wasiwasi hajafundishwa kuvunja sheria. Amepata haki yake. Kama viwanja vilivyopimwa vingetosha na bei yake ingefikika, nani angemfuata dalali?

#21 Fundi Ramani

Napendekeza tufanye jambo moja hapahapa. Sensa ya majengo na zoezi la anwani za makazi vya 2022 vilionyesha nyumba ziko wapi, lakini hakuna kumbukumbu ya lini shamba lilikatwa. Kila mwenye kumbukumbu aandike: mtaa, mwaka shamba lilipokatwa, mwaka wa bati la kwanza, mwaka umeme ulipofika, na umbali wa lami wakati huo. Msiandike majina ya wauzaji wala wanunuzi. Zikifika za kutosha nitaziweka kwenye ramani na kuangalia ni muda gani unapita kati ya kamba na bati, na kama muda huo ni mfupi mlimani kuliko bondeni.

#22 Bint Igoma

Kishiri. Kukatwa 2011, bati la kwanza 2014, umeme 2019. Lami ilikuwa mbali, mwendo wa pikipiki.

#23 Kisesa Kwetu

Kisesa, upande wa Bujora. Kukatwa 2009, bati la kwanza 2010, umeme 2013. Lami ilikuwa karibu, mnaona wenyewe tofauti.

#24 Udongo Mweusi

Fundi, ongeza safu ya udongo. Bujora ni mawe na luseni, kwa hiyo mwaka mmoja wa Kisesa Kwetu hauwezi kuhesabiwa kuwa ushindi wa lami mpaka tupate shamba la mbuga lililo karibu na lami vilevile.